Naomba ushauri: mguu wa mdogo wangu, mfupa uko wazi na hajaonwa na daktari wa upasuaji rekebishi (anayeziba vidonda kwa ngozi na nyama)

Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, miaka 23. Jumamosi usiku aligongwa na Fuso, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Tulimpokea mapokezi ya dharura uzi wa jinzi umenasa ndani ya kidonda. Walimsafisha theatre, wakamfunga vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, antibayotiki na sindano ya pepopunda akapata. Kwa hilo nawashukuru sana.

Shida ni nyama. Leo siku ya tatu, bandeji ikifunguliwa mfupa unaonekana mweupe, upana wa sarafu ya shilingi mia. Nimeuliza kuhusu kupandikiza ngozi, nikajibiwa tusubiri kidonda kijae chenyewe. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni akaniambia ngozi haishiki juu ya mfupa mtupu, panahitajika kuhamishiwa nyama yenye mishipa yake ya damu, na kwamba kadiri mfupa unavyokaa wazi ndivyo usaha unavyoweza kuingia ndani. Tangu hapo silali.

Naomba waliopitia haya, na madaktari mliopo: nimwombe daktari wa zamu ampigie mtaalamu huyo wa upasuaji rekebishi amwone hapahapa, au nidai rufaa ya MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar) au KCMC (hospitali ya rufaa, Moshi) moja kwa moja? Kwa vyuma vile atahimili safari? Na gharama ikoje kwa asiye na bima? Mama ameshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe.

Dole gumba la mguu huo bado analichezesha.