Filamu za kuhamasisha vita zinarushwa kama historia, na hakuna anayetuambia nani alizitengeneza

Wakuu, nimechoshwa na tabia ya televisheni zetu ya kuchukua filamu ambazo serikali ya Uingereza ilizitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuzirusha kana kwamba ni picha za kweli za maisha ya babu zetu. Hivi karibuni kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilionyesha kipindi kuhusu askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza la Afrika Mashariki, wale ambao wazee waliwaita Keya, na tangu mwanzo hadi mwisho haukuonekana hata mstari mmoja wa kueleza nani alipiga picha zile, kwa amri ya nani na kwa kusudi gani.

Filamu za namna hiyo zina wenyewe. Colonial Film Unit ilianzishwa mwaka 1939 chini ya Wizara ya Habari ya Uingereza ili kuwavuta Waafrika wa makoloni waunge mkono vita, na filamu zake zilizungushwa vijijini kwa magari ya sinema. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hana uwezo wa kufuata filamu ya kawaida, hivyo akashikilia kwamba picha ziende polepole na zisiwe na mbinu zozote za kamera. Mtu mwenye dharau ya kiasi hicho ndiye tunayemwachia leo atusimulie habari za babu zetu!

Kinachoniudhi zaidi ni sauti. Nyingi ya filamu hizo zilikuwa bubu. Kando ya gari alisimama mtu aliyewaeleza watazamaji kwa lugha yao, na maneno yake hayamo katika mkanda. Sasa mhariri wa leo anapachika ngoma, vifijo na msimulizi wa sauti nzito, kisha sisi sebuleni tunaamini tunasikia shangwe za mwaka 1942, ilhali hakuna kipaza sauti kilichowahi kuzinasa.

Kipindi hicho hakikugusa kabisa watu wa Tanganyika waliolazimishwa kisheria kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, zao lililotafutwa mno baada ya Wajapani kuteka Ufilipino, kulikotoka nyuzi za kutengenezea kamba. Wala hakikugusa mshahara wa askari Mwafrika aliyepelekwa Burma, uliokuwa mdogo mno kuliko wa Mwingereza aliyepigana naye bega kwa bega.

Sidai filamu hizo zifichwe. Zionyeshwe, lakini kioo kiandikwe jina la kitengo, mwaka na wizara iliyolipia, na pale sauti ilipoongezwa, isemwe wazi kwamba imeongezwa. Hata tangazo la sabuni huandikwa kwamba ni tangazo. Niliwaandikia wahusika kuuliza asili ya picha zile, wakanijibu kwa sentensi moja kwamba zimetoka maktaba. Maktaba ya nani?