Seva moja, watumiaji 40, hakuna foleni: nianzie wapi?

Kebo_Ndefu
Wakuu, naomba ushauri. Idara ina seva moja ya Linux: kori 64, RAM GB 256, GPU 2, diski ya /home ya TB 8 (mfumo wa faili ni XFS). Watumiaji ni kama 40, wengi wa uzamili na uzamivu. Kila mtu anaingia kwa SSH na kuwasha anachotaka. RAM ikijaa, keneli inaua kazi nene kuliko zote, hata kama mwenyewe hana kosa. Diski iko 97%. Matangazo tunaweka kwenye grupu la WhatsApp, yanamezwa na stika za Ijumaa na michango ya harusi.

Mzee_wa_Terminali
Mkuu, anza na diski. Ikigonga 100%, hata hiyo foleni haitakusaidia, kazi zitakufa zikijaribu kuandika. Angalia nani kala nini:

`du -xsh /home/* | sort -h | tail`

Ukichimba utakuta ~/.cache na mazingira ya conda (kisakinishi cha vifurushi vya programu). Watu sita wamepakua modeli ileile, kila mtu na nakala yake. Fungua /home/pamoja, wote wasome, msimamizi peke yake aandike, na skripti zao ziite modeli kutoka humo.

Kisha mgawo (quota), yaani kikomo cha diski kwa kila mtu. Ongeza `uquota` kwenye /etc/fstab. Hapa wengi hukwama: kwenye XFS, `mount -o remount` haiwashi mgawo. Lazima ufanye umount halafu mount upya, kwa hiyo chagua muda ambao hakuna mtu ndani. Baada ya hapo:

`xfs_quota -x -c 'limit bsoft=120g bhard=150g ihard=1000000 JINA' /home`

GB 150 mara watu 40 ni TB 6, zinabaki 2 za pamoja. Usiache ihard (kikomo cha idadi ya faili), maana conda huzaa faili ndogondogo kama kumbikumbi. Anayevuka bsoft (kikomo laini) ana siku 7 za kusafisha, zikiisha haandiki tena.

Foleni_Kwanza
Slurm (programu ya kupanga kazi kwa foleni) inafaa hata kwa mashine moja. Weka `SelectType=select/cons_tres`, `SelectTypeParameters=CR_Core_Memory`, `TaskPlugin=task/cgroup`, na kwenye cgroup.conf washa ConstrainCores, ConstrainRAMSpace na ConstrainDevices ili kazi isivuke ilichopewa. RealMemory iwe 240000 (MB), mfumo wenyewe ubaki na chake. Halafu `DefMemPerCPU=3700`. Ukiisahau hii, kazi isiyotaja RAM inapewa yote, na utashangaa kwa nini kori 60 zimelala huku foleni ni ndefu.

GPU moja kwa kila mtu:

`sacctmgr modify qos normal set MaxTRESPerUser=gres/gpu=1`

Amri hii inahitaji slurmdbd (huduma ya hifadhidata ya Slurm), na itakubali kimya kimya bila kuzuia mtu kama hujaweka `AccountingStorageEnforce=limits,qos`.

Kwa kuwa wanaingilia mashine ileile ya kazi, wabane na nje ya foleni. Kwenye /etc/systemd/system/user-.slice.d/50-mipaka.conf, chini ya `[Slice]`, andika `CPUQuota=200%` na `MemoryMax=8G`. Kuhariri na kukompaili kunatosha humo.

Jupyter (daftari la kuandikia msimbo kwenye kivinjari) nayo iangalie. Mtu anafunga kivinjari akidhani kamaliza, ila keneli ya daftari (mchakato unaoendesha msimbo wake) bado iko hai. nvidia-smi inaonyesha matumizi 0% na kumbukumbu ya GPU imeshikwa karibu yote. Ikianzishwa ndani ya kazi ya Slurm ya saa 8, muda ukiisha inaondoka yenyewe.

Dawati_la_Msaada
Grupu liacheni liwe la porojo. Fungueni orodha ya barua pepe ambayo wasimamizi tu ndio wanaotuma, na akaunti ya seva ikifunguliwa, anwani iingie humo hapohapo. Mistari miwili ya muhtasari iwekwe pia /etc/motd (ujumbe anaouona mtu akiingia).

Tangazo litaje tarehe, muda, kinachozimwa na anachotakiwa kufanya mtumiaji. Muda andikeni 20:00, msiandike "saa 2 usiku" pekee. Mwanafunzi wa kigeni ataelewa 02:00. Hakikisheni pia seva iko Africa/Dar_es_Salaam. Ikiwa UTC, inarudi nyuma saa 3 na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) zitawashangaza.

Matengenezo yawekeni ndani ya Slurm yenyewe:

`scontrol create reservation reservationname=matengenezo starttime=TAREHE duration=240 users=root nodes=ALL flags=maint`

Kazi isiyoweza kuisha kabla ya hapo haitaanza. Ila MaxTime (muda wa juu wa kazi moja) ikiwa siku 3, ombi hili liwekwe zaidi ya siku 3 kabla, la sivyo litagongana na kazi zilizokwisha anza. Na DefaultTime (muda wa kazi isiyotaja wake) iwe fupi, saa 1 hivi, ili watu wajifunze kutaja muda.

Kebo_Ndefu
Shukrani wakuu. Kuna mmoja simulesheni yake inakwenda siku 12. Siku 3 atafanyaje?

Foleni_Kwanza
Ahifadhi hali ya kazi kila baada ya saa chache, kisha atumie `#SBATCH --signal=B:USR1@600`. Skripti itapigiwa kengele dakika 10 kabla, ndani ya `trap` ahifadhi na kuita `scontrol requeue $SLURM_JOB_ID`. Programu aianzishe kwa `&` ikifuatiwa na `wait`. Bila hivyo bash inasubiri programu iishe ndipo ishughulikie kengele, na dakika 10 zitakuwa zimeshapita.