Mnamjua: leo amenivua kitambulisho cha kazi mbele ya umma

Ndugu zangu Wakenya, gavana wetu sitamtaja jina, kwa sababu kila aliyewahi kusimama kando ya barabara akisubiri msururu wa magari yake upite anamjua. Leo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wenzangu, wawakilishi wa wadi na wananchi waliokuja kushuhudia uzinduzi wa mradi, ameushika utepe wa kitambulisho changu akauvuta hadi ukanichuna shingo, kisha akamrushia kitambulisho hicho kijana aliyembebea spika wakati wa kampeni na kumwambia kwamba kuanzia leo ile afisi ni yake.

Kosa langu ni kukataa kuidhinisha vocha ya malipo ya bidhaa ambazo ghala halijawahi kuziona. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji ithibitishe kwanza kwamba bidhaa zimefika kwa idadi na ubora uliokubaliwa. Nikilipa hewa, kifungu cha 226 cha Katiba kinanibebesha hasara hiyo mimi mwenyewe, hata nikiwa nimeshaondoka kazini. Kwake yeye huo ni ukaidi. Mtu huyu, naapa, angemfuta kazi hata jogoo kwa kuwika kabla yeye hajaamka!

Amenivua kitambulisho! Hakuna barua, hakuna kikao cha nidhamu, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ambayo ndiyo iliyoniajiri, haikuketi, ilhali kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hataonewa kwa kutimiza wajibu wake kisheria, wala hatafutwa kazi bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Na wawakilishi wa wadi, ambao kifungu cha 185 kimewapa jukumu la kumsimamia, walipiga makofi. Walipiga makofi huku kitambulisho chenye picha yangu kikining'inia mkononi mwa mtu asiyejua vocha inaanzia wapi!

Mlipakodi: Pole, lakini mtu mzima unavuliwaje utepe ukiwa umesimama tu kama mlingoti? Acha kulia, ukate rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Kifungu cha 234 kimeipa mamlaka ya kusikiliza rufaa za watumishi wa kaunti.

Mwenye uzi: Nikate rufaa dhidi ya uamuzi gani, ikiwa hakuna bodi iliyoketi wala barua niliyopewa? Alinivua kwa mkono wake mwenyewe, watu wakitazama!

Kaunti Jirani: Wewe angalau uliajiriwa kwa usaili. Kwetu nafasi hazitangazwi, na kila Jumatatu tunamkuta mpwa mwingine wa gavana kwenye meza mpya, ingawa kifungu cha 232 kinataka ushindani wa haki na sifa ndivyo viwe msingi wa ajira.

Mtumishi wa Bara: Nyinyi mnalilia utepe. Huku Tanzania, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Mganga mfawidhi wetu, yaani daktari msimamizi wa kituo cha afya, alilala ndani kwa kuchelewa kikao, na wagonjwa wakakosa daktari.

Kaunti Jirani: Kuchelewa kikao tu? Sheria hiyo haina masharti?

Mtumishi wa Bara: Inayo. Lazima kiongozi awe na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjwa au kwamba kosa la jinai limetendeka, na mtu asipofikishwa kwa hakimu ndani ya muda huo aachiwe. Lakini ni nani atakayemkumbusha masharti hayo akiwa amekwisha kumwita polisi?

Mlipakodi: Mkurugenzi wa halmashauri yenu je, hakumtetea mtumishi wake?

Mtumishi wa Bara: Alinyamaza. Naye ni mteule wa Rais, sawa na mkuu wa wilaya.