MJADALA: Nondo za chini zipite kwenye nguzo au zikatwe?

Asalaam aleikum jamani. Wiki ilopita nilikwenda kwa jamaa yetu huku Fuoni anapandisha ghorofa mbili, chini fremu za duka juu atakaa na wanawe. Mafundi washafunga nondo za bimu wanangoja zege tu. Nikachungulia pale bimu zinapokutana juu ya nguzo ya kati, nondo za juu zimepita vizuri, za chini zimekatwa, kila moja imeingia kwenye nguzo urefu wa kidole basi. Nikamuuliza fundi, akanambia yakhe hapo za chini hazina kazi, za juu ndo zinabeba.

Na kasema kweli, madhali nguzo ipo. Juu ya nguzo bimu inavutika mgongoni. Nguzo ikiondoka, palepale panageuka tumbo, upande wa chini ndo unaovutika, mita 4 na mita 4 zinakuwa bimu moja ya mita 8, nguvu ya kuipinda inafika mara 4, na nondo za kulizuia hilo tumbo ndo hizo zilokatwa. Zingepita, bimu itapasuka itabonyea vibaya lakini itaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na slebu inasaidia kama shuka iloshikwa pembe zote, watu wanapata kutoka. Nguzo ya kona ndo mtihani zaidi, upande wa pili hakuna pa kujishikiza.

Kuna wanaonambia hayo mambo ya mabomu, bomu Unguja litoke wapi. Jengo la serikali la Oklahoma City, Marekani, 1995 kweli lilikuwa bomu, bimu kubwa ya ghorofa ya tatu ikakosa pa kuegemea, wakafa watu 168 na wengi waliuliwa na jengo kuporomoka, sio mripuko wenyewe. Lakini Ronan Point, jengo refu la makazi kule London liloporomoka kona moja 1968, ilikuwa gesi ya jikoni tu. Na huku kwetu nguzo inaliwa na chumvi, mchanga wa pwani umetumika, nondo inafura kutu mpaka zege linabanduka, au lori la kokoto linarudi nyuma linaigonga, au mpangaji wa fremu anaichonga apate mlango mpana, na hili la mwisho ndo linalonitisha hasa maana nimeliona kwa macho yangu.

Hoja yangu ni kuwa zege lisimwagwe kwenye ghorofa yoyote mpaka mkaguzi aone nondo za chini zimepita, au zimepishana urefu wa kutosha. Gharama yake ni vipande vichache vya nondo. Jamaa yetu alikubali, fundi akaongeza, wamemwaga Jumamosi.

Wengine mnasema sharti hili lianzie majengo ya ghorofa 5, kama Uingereza walivoanza 1970 na sheria yao ya kuzuia jengo kuporomoka ovyo sehemu moja ikiharibika. Wao wenyewe 2004 wakaipanua sheria ikagusa majengo yote. Sasa nielezeni, nyumba hizi tunazolala na watoto, ambazo nyingi hazifiki hizo 5, mnaziachia nini?