Jumapili nasimama mbele ya kikundi kuongelea mionzi ya simu, na wifi yangu atakuwepo. Nisemeje?

Mama Wakala wa Charambe

Assalam aleikum, na habari za jioni wadau. Naomba mnivumilie, maelezo yangu marefu kidogo.

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mbagala Charambe, mwaka wa tisa huu nashinda chini ya mwavuli. Nina simu nne. Vitochi viwili nimevifunga mpira wa ndala maana mifuniko ya betri imeshalegea, cha tatu kinakaa mapajani, na simu janja ilikuwa inakaa pale ambapo kila mwanamke wa mjini anapajua: kwenye sidiria. Dera halina mfuko, na mkoba ukiuweka kwenye benchi hujui utaondoka na nani.

Kikundi chetu cha vikoba tuko kina mama 28. Kila Jumapili baada ya alasiri, tukishamaliza kununua hisa, mmoja anatoa elimu kidogo. Mara ya mwisho ilikuwa kisukari. Zamu yangu ni Jumapili hii, na mwenyekiti kaniambia niongelee mionzi ya simu na minara, eti "wewe ndiyo unashinda nazo".

Sikushangaa, maana tuna mnara kiwanja cha nyuma. Tangu umewashwa, kichwa kikiuma ni mnara. Mimba ikitoka ni mnara. Kuna bibi mwembe wake umekataa kuzaa, naye anasema mnara. (Mwenye kiwanja anapokea kodi kila mwaka, sisi wengine tunapokea kelele za jenereta. Nadhani ile kodi ingegawanywa mtaa mzima vichwa vingepoa. Msiseme nimesema mimi.)

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna sauti imezunguka, mwanaume anajiita daktari, anasema simu kifuani inasababisha saratani ya titi, kwisha. Hapo ndipo penye tatizo langu, na linaitwa wifi. Wifi ndugu wa mume, siyo ile ya intaneti.

Wifi yangu aliona kivimbe titi la kushoto, upande aliokuwa anaweka simu. Badala ya kwenda hospitali akahamishia simu upande wa kulia, akasubiri kishuke. Alisubiri toka mfungo mosi mpaka mfungo sita. Alipokwenda akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani: dawa, upasuaji, akapigwa mionzi. Sasa hivi anaendelea vizuri alhamdulillah, anarudi kliniki tu. Ila kila anayekuja kumjulia hali ana neno: "Ndiyo hizo simu mnazoweka kifuani." Mama mkwe mwenyewe alilisema mbele yangu. Nikamwona wifi anachukua simu yake, anaizungushia kanga, anaitia kwenye ndoo ya unga. Mpaka leo inaita humo humo, watoto ndio wanakimbilia.

Jumapili atakaa mbele kabisa, ndiyo kawaida yake. Nikisema simu inaleta saratani, nimemwambia mbele ya watu kwamba alijitakia. Nikisema hakuna kitu, wataniambia natetea ugali wangu. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema "huenda". Sasa hiyo "huenda" inabebwaje mbele ya watu 27 wanaotaka ndiyo au hapana?

Na swali lake mwenyewe limenishinda. Aliniuliza tunamenya vitunguu: "Kama mionzi ndiyo iliyoniumiza, mbona wamenitibu kwa mionzi?"

Kijana wa Buza

Shikamoo mama. Usiogope kusema ukweli kwa sababu ya wifi. Kitengo cha saratani cha hilo shirika, IARC, kiliweka mawimbi ya simu kundi 2B mwaka 2011, yaani huenda yanasababisha saratani. Kabla ya hapo, 2010, kuna utafiti wa Interphone wa nchi 13. Waliopiga simu kupita wote, saa 1,640 na zaidi, uvimbe wa ubongo ulionekana kuzidi kwa asilimia 40. Wakasema labda ni kumbukumbu mbovu za wagonjwa. Na sehemu ya fedha za utafiti huo ilitoka kwa vyama vya makampuni ya simu! Marekani 2018 wamepiga panya mawimbi, panya dume wakatoka uvimbe kwenye moyo. Ufaransa 2023 ilisimamisha kuuza iPhone 12. Hao wote wajinga? Waambie kina mama wajihadhari, basi.

Fundi Minara

Dada, nimepanda minara miaka kumi na moja, mikoa mingi tu. Nikupe ya kwangu, ya daktari namwachia daktari.

Yale makopo marefu meupe yaliyosimama juu ndiyo antena. Yanamulika mbele kama tochi, yakiinama chini kidogo tu. Aliyekaa chini ya mnara ni kama aliyesimama chini ya mtu anayemulika tochi ng'ambo ya barabara, mwanga unampita juu. Anayetakiwa kuogopa ni mimi ninayepita mbele ya antena kwa umbali wa mkono, ndiyo maana kabla hatujafika pale tunaomba izimwe au ipunguzwe. Kwenda mbali, ukiongeza umbali mara mbili nguvu inabaki robo.

Sasa simu. Hiyo ndiyo iko kwenye ngozi yako. Kitochi cha 2G mtandao ukiwa mbovu kinaweza kusukuma hadi wati 2, ingawa kinatoa kwa vipande vipande, moja ya nane ya muda. Simu ya 4G inakomea kama wati 0.2. Na simu inapima yenyewe: mnara ukiwa karibu inanong'ona, ukiwa mbali inapiga kelele kama konda wa Mbagala Rangi Tatu. Mtaa unaofukuza mnara unazifanya simu za watu zipige kelele zaidi vifuani mwao. Hili nimelieleza kwenye mikutano ya mitaa mpaka nimechoka, hakuna anayetaka kulisikia.

Lile jenereta ni kesi nyingine. Hapo mna haki ya kulalamika.

Mama Wakala wa Charambe

Fundi, hiyo ya konda naichukua bila kukuomba. Kijana wa Buza, marahaba mwanangu, ila wewe hujakaa na wifi yangu jikoni.

Sista wa Eksirei

Dada pole, na mpe pole wifi. Mimi ni mtaalamu wa picha za eksirei, kazi yangu ni mionzi kila siku, na hilo swali la vitunguu ni zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa wodini.

Kiswahili chetu kimetutia mtegoni. Tunasema mionzi ya jua, mionzi ya simu, mionzi ya eksirei, "kapigwa mionzi Ocean Road", neno moja. Ile ya kwangu na ya Ocean Road ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye chembe za mwili na kukata vinasaba ndani ya seli. Ndiyo maana nikipiga picha natoka nje ya chumba, na ndiyo maana inaweza kuua seli za saratani ikielekezwa pale pale kwa vipimo. Ya simu haina nguvu hiyo hata ukirundika simu mia. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba inapasha joto, na viwango vya kimataifa kwa watu wa kawaida vimewekwa mara 50 chini ya pale joto linapoanza kuwa la madhara. Mimi ya simu naiita mawimbi, kama ya redio. Jaribu Jumapili kutumia maneno mawili tofauti uone.

Kijana wa Buza, uliyosema ni kweli, tatizo ni ulipoyakatia. Interphone hiyo hiyo ilionyesha kwamba watumiaji wa kawaida wa simu walipata uvimbe *pungufu* kuliko wasiotumia. Nani yuko tayari kusimama aseme simu ni kinga? Ndiyo ujue kipimo chenyewe kilikuwa kimepinda. Wale panya walipigwa mwili mzima, saa tisa kwa siku, miaka miwili, na madume waliopigwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa. iPhone 12 ilizidi kiwango cha simu ikiwa mkononi, wati 5.74 kwa kilo ya mwili badala ya 4, wakarekebisha programu ikarudi madukani. Kuhusu fedha za makampuni nakubaliana nawe, na ni vizuri watu wawe wanauliza hilo kila mara.

Mwaka 2024 yalitoka mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, tafiti 63 za toka 1994 hadi 2022. Hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. "Huenda" ya 2011 bado iko pale kwenye orodha, kundi moja na dondoo la majani mazima ya mshubiri na achari za Kiasia. Maana yake ni kwamba ushahidi ni mdogo lakini mlango haujafungwa. Kwa hiyo anayetaka kupunguza apunguze, haimgharimu: spika, au waya wa masikioni, simu isilale chini ya mto. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiiweke mfuko wa shati. Na wale wa Kariakoo wanaouza stika za kukinga mionzi asinunue mtu. Marekani serikali ilishawashtaki wauzaji wa vitu hivyo 2002. Ikiziba kweli, simu inapiga kelele zaidi, kama alivyosema fundi.

Saratani ya titi na simu kwenye sidiria: hakuna utafiti wa kuaminika uliozifunga pamoja. Wifi hakujiletea. Kilichomchelewesha ni ile sauti ya WhatsApp au nyingine kama hiyo.

Lingine, dada, kabla sijasahau. Moshi wa dizeli, kama wa hilo jenereta lenu, uko kundi la kwanza toka 2012, la vinavyosababisha saratani kwa hakika. Huko hakuna "huenda".

Mama Wakala wa Charambe

Wadau, nimerudi. Jumatatu usiku, miguu iko kwenye beseni.

Nilianza vibaya. Nilitamka 2B na kina mama wakaanza kuangalia saa. Nikaacha, nikawasha tochi ya kitochi, nikaibana kiganjani mwa mwenyekiti mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha nikaipeleka kwenye mlango wa choo, mwanga ukafifia. Nikasema simu ni hii ya kiganjani, mnara ni ile ya mlangoni. Konda wa Rangi Tatu akafanya kazi yake, walicheka. Nikasema mawimbi kwa simu na mionzi kwa hospitali, mara mbili nikajichanganya, wakanisahihisha wao.

Yule mama wa sauti ya WhatsApp hakuridhika. Kasema nimelipwa. Nilipwe na nani, kamisheni yenyewe mnaijua.

Kuhusu titi nilisema maneno ya Sista kama yalivyo. Wifi alikuwa mbele, anachezea ncha ya kanga. Sikumtaja. Akainua mkono mwenyewe: "Mimi nilihamisha simu nikasubiri kishuke. Hakikushuka." Akakaa. Hakuna aliyesema kitu, mpaka mtu wa chai akapita na vikombe. Tulipokunja majamvi, mwenzetu mmoja alimvuta pembeni, wakaongea muda. Leo alfajiri wameondoka wawili na daladala ya kwanza. Sijauliza, nami nawaomba msiulize.

Simu yake kaitoa kwenye unga. Yangu nimepeleka dera kwa fundi cherehani anitie mfuko wa pembeni. Kafurahi, kina mama sita wamempelekea madera yao jana hiyo hiyo.

Sasa kilichowaka moto ni jenereta. Kina mama wanataka barua. Fundi, tunaandika kwa nani?

Fundi Minara

Moshi na kelele ni NEMC, wale wa mazingira. Mkitaka mawimbi yapimwe ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, huku Dar wapo. Usianze na hao lakini. Anza serikali ya mtaa, barua igongwe muhuri, ubaki na nakala. Rekodi jenereta usiku likiwa linanguruma, muda uonekane. Na kwenye barua andika *jenereta*, usiandike mnara. Ukiandika mnara watawaletea mtu wa kuwaelimisha.

Mama Wakala wa Charambe

Hahaha. Naandika jenereta.