Utandu mweupe mdomoni: fangasi au ugonjwa wa zinaa? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, mtu anakutana na mwenzi bila kinga Jumamosi, Jumatano anaona ulimi mweupe, tayari kashajihukumu. Wenye ujuzi wa kinywa, dawa na vipimo, karibuni. Zile za "kuna jamaa alipona kwa chumvi" tuziweke pembeni.

Meno Thelathini na Mbili
Anza kwa kufuta taratibu na kitambaa safi chenye unyevu. Fangasi hutoka kama maziwa yaliyoganda, chini pakabaki pekundu, pengine na damu kidogo. Weupe usiofutika, hasa wenye mistari pembeni mwa ulimi, umwone daktari. Ule mwembamba wa asubuhi unaoondoka kwa mswaki ni wa kawaida tu, acheni kuumulika na tochi ya simu kila nusu saa.

Kandida, ndiyo fangasi yenyewe, inaishi midomoni mwa watu wengi wazima. Inapata nafasi ukimeza antibayotiki, ukivuta dawa ya pumu yenye steroidi, kisukari kikipanda, mdomo ukikauka, au ukilala na meno ya bandia. Wa pumu: sukutua maji na uyateme kila baada ya kuvuta.

Kabati la Dawa
Nistatini ya maji (uniti 100,000 kwa mililita): mtu mzima ml 4 hadi 6, mara 4 kwa siku, siku 7 hadi 14. Inashindwa kwa sababu watu wanaimeza papo hapo kama dawa ya kikohozi. Nistatini karibu haiingii kwenye damu. Inaua fangasi inaowagusa tu. Kwa hiyo tikisa chupa, weka nusu ya dozi kila upande wa mdomo, zungusha kwa muda mrefu uwezavyo, ndipo umeze. Itumie baada ya kula. Utandu ukiisha, endelea siku 2 zaidi. Meno ya bandia vua kwanza, nayo pia yasafishwe, la sivyo fangasi watarudi kutoka huko. Kama unasukutua klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya kinywa), achanisha kwa nusu saa angalau; zikikutana nistatini inapoteza nguvu.

Flukonazoli, dawa ya fangasi ya vidonge, kwa fangasi ya mdomoni ni mg 100 hadi 200 kila siku, siku 7 hadi 14. Kile kidonge kimoja cha mg 150 ni dozi ya fangasi ya ukeni. Mjamzito au anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asijinunulie.

Meno Thelathini na Mbili
Niongeze: kumeza kukiuma nyuma ya kifua, fangasi huenda wamefika kwenye umio. Hapo dawa ya kusukutua haitoshi, nenda hospitali.

Maabara ya Usiku
Fangasi ya mdomoni yenyewe si ugonjwa wa zinaa. Kwa mwenye VVU kwa kawaida hutokea kinga ikishashuka, na hiyo huchukua miaka, si siku nne. Lakini mtu mzima aliyeipata bila sababu yoyote kati ya zilizotajwa juu, apime VVU sasa.

Kama hofu ni tendo la juzi, hesabu saa. Ndani ya 72 unaweza kupewa PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo, unameza siku 28. Kila saa inayopita inapunguza faida. Kipimo cha haraka cha kidole hugundua maambukizi kati ya siku 23 na 90, kwa hiyo jibu hasi la wiki ya kwanza halikuambii chochote kuhusu tendo hilo.

Kisonono cha koo mara nyingi hakina dalili, na kipimo cha mkojo hakikioni. Omba kipimo cha kijiti cha koo. Kaswende huleta kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki 3 baada ya tendo (siku 10 hadi 90), kisha kinapona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea. Kinachouma na kuanza kama vilengelenge, fikiria hepesi.

Mwanzisha mada
Na mwenzi naye atibiwe?

Maabara ya Usiku
Kwa fangasi ya mdomoni, hapana, kama hana dalili. Kisonono au kaswende ikithibitishwa, lazima.