Hivi Warepublican wanapinga wahamiaji wasio na makaratasi tu, au kuna kingine?

Kijana wa Mwanga:
Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe hili maana limetugawa nyumbani. Nina mjomba yuko Dayton, Ohio, miaka mingi sasa, ni raia kabisa, na Warepublican, chama cha Trump, anawapigia kura bila kuficha. Akipiga simu anatuambia wale jamaa hawana ubaguzi wowote, shida yao ni walioingia kinyemela, ukiwa na makaratasi yako hakuna wa kukugusa. Sasa mimi siasa za kule nazifuatilia sana na ninayoyasikia hayafanani na ya mjomba, nikimuuliza ananiambia nimedanganywa na vyombo vya habari. Sitaki matusi wala ushabiki, naomba anayejua atuambie kwa mifano. Ni kweli hoja yao ni sheria, au sheria ni kisingizio?

Mama D, Columbus:
Mwanangu, kama mjomba yuko Dayton basi mwulize habari za Springfield, ni jirani zake hapo, nusu saa hivi kwa gari. Mji wa watu kama elfu 60, viwanda vilishafungwa vingi na watu wakahama, halafu miaka hii ya karibuni Wahaiti wakaja kwa maelfu kwa sababu kazi zilipatikana tena na waajiri walikuwa wanatafuta watu. Walio wengi walikuwa na hifadhi ya muda, ile serikali yenyewe inayotoa kwa watu ambao nchi zao zimeharibika, kwa hiyo wapo kihalali, wanafanya kazi na kodi wanalipa. Matatizo yalikuwepo kweli, siwezi kuficha, kliniki zilijaa, kodi za nyumba zikapanda, shule zikawa na watoto wengi wasiojua Kiingereza. Hayo ni mambo ya kujadili na mtu akilalamika simwiti mbaguzi.

Lakini kilichokuja kusemwa siyo hicho. Tarehe 10 Septemba 2024 kwenye mdahalo wa urais, watu mamilioni wanaangalia, Trump akasema Wahaiti wa Springfield wanakula mbwa na paka za watu. Polisi wa mji walishasema hakuna ushahidi wowote, meneja wa mji alishasema, na bado JD Vance, mgombea mwenza wake, ambaye ndo alikuwa seneta wetu hapa hapa Ohio, akaendelea kuisambaza, akaja kwenye televisheni akasema kama inabidi atengeneze hadithi ili vyombo vya habari viangalie shida za Wamarekani basi atafanya hivyo. Vikafuata vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zikafungwa, hospitali zikapekuliwa, watoto wa Kihaiti wanaogopa kwenda darasani, na vyote vilikuwa vya uongo.

Sasa sikia hapa ndo jibu la swali lako lilipo. Waandishi wakamuuliza Vance, hawa si wako kihalali? Akajibu yeye ataendelea kuwaita wahamiaji haramu tu, kwa sababu hifadhi waliyopewa haitambui. Umeona? Makaratasi wanayo na hayawasaidii. Na 2025 walipoingia madarakani wakatangaza kuwafutia hiyo hifadhi, kesi zikaenda mahakamani, yaani mtu hajavunja chochote, anageuzwa haramu akiwa amekaa kwake. Na hata sisi Watanzania Januari 2020 tulifungiwa bahati nasibu ya viza, sababu iliyotolewa ni usalama na kubadilishana taarifa, lakini ile ni njia halali kuliko zote, hakuna anayeruka ukuta kwa bahati nasibu! Ilifunguliwa tena 2021 Biden alipoingia.

Baba Neema TX:
Mama D shikamoo, nakuheshimu lakini mimi niko upande wa huyo mjomba. Naishi Texas, ni Mkristo, siamini katika utoaji mimba, nataka kodi ndogo na mpaka unaolindwa, nimesubiri grini kadi yangu kwa utaratibu na niliumia kuona watu wanavuka tu. Kila nikisema nampigia kura Republican naitwa msaliti wa weusi, hiyo nayo si chuki? Mbona hamsemi kwamba 2024 karibu nusu ya Walatino walimpa Trump kura, na kaunti ya Starr hapa mpakani ambako karibu watu wote ni Walatino, ilikwenda kwa Republican kwa mara ya kwanza tangu 1892? Hao nao wanajichukia? Na historia ya Democrats, chama cha Biden, mnaijua, ndo walikuwa chama cha wenye watumwa kule kusini, Lincoln aliyefuta utumwa alikuwa Republican. Yale ya mbwa na paka siyatetei, yalikuwa uongo na ni dhambi. Lakini msichukue mdomo wa mtu mmoja mkawapaka watu milioni 77.

Mama D, Columbus:
Marahaba baba. Sijawapaka wote, kanisani kwangu nusu ni Republican na ndo walionipokea siku za mwanzo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kupiga kura kwa ajili ya bei ya mayai au mimba, na aliyempigia akaichukua ile ile kura akawatesa watu kwa asili yao. Hao wa Starr wengi walilia bei za vitu, nakubaliana na wewe. Haibadilishi aliyoyapata Mhaiti wa Springfield. Na Lincoln ni 1860 baba, wale Democrats wa kusini waliokuwa wanatetea ubaguzi walianza kuhamia Republican baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, seneta Strom Thurmond alihama mwaka ule ule.

Mtoto wa Uvira:
Bandugu, miye niko Louisville, Kentucky, nilitoka kambi ya Nyarugusu. Hii habari ya “fuata utaratibu” inatuumiza sisi Wakongomani kuliko wote naona. Mkimbizi haruki mpaka. Unaandikishwa na UNHCR, unahojiwa, unahojiwa tena, alama za vidole, vipimo vya hospitali, ukaguzi wa usalama, miaka inakwenda, kuna watu wamezalia na kuzikia kambini wakisubiri. Sisi Wakongo ndo tulikuwa kundi kubwa kuliko mengine yote la wakimbizi wanaoletwa Marekani katika miaka mingi ya karibuni. Tarehe 20 Januari 2025 Trump ameapa, siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha mpango wote, na watu waliokuwa na tiketi tayari, wameshauza vitanda na sufuria, safari zikafutwa.

Sasa kama ni kufunga kwa wote ningesema sawa, nchi ni yao. Lakini Februari akasaini amri nyingine ya kuwapokea Makaburu wa Afrika Kusini, na tarehe 12 Mei wakashuka 59 uwanja wa ndege wa Dulles, wameshika bendera ndogo za Marekani, wakapokelewa na viongozi wa serikali. Miezi mitatu! Baadaye wakapunguza nafasi za wakimbizi kutoka 125,000 kwa mwaka hadi 7,500, na nyingi katika hizo ni za hao hao. Sina chuki na Kaburu, kama kuna aliyeuawa ndugu yake shambani nampa pole. Baba Neema, nakuuliza kwa heshima, wewe unayeamini utaratibu: mama wa Fizi aliyekimbia vita na amekaa kambini miaka 15 na mafaili yake yamepita ngazi zote, na mkulima mwenye pasipoti na nyumba Pretoria, kwa sheria ipi huyu wa pili anatangulia? Mimi nimetafuta jibu lingine tofauti na rangi nimekosa.

Baba Neema TX:
Ndugu wa Uvira, hilo sina jibu lake. Nitakuwa mwongo nikisema ninalo. Bado nitapiga kura kwa ajili ya watoto walio tumboni, lakini hilo halikubaliki kwa Mkristo na nitamwandikia mbunge wangu.

Kijana wa Mwanga:
Asanteni sana wakubwa, nimemtumia mjomba yote. Swali la mwisho, hivi ndani ya chama chenyewe hakuna wanaosema hapana? Au wote wamekubali?

Mwana wa Kisauni:
Wapo, na zamani walikuwa wengi. Bush siku 6 baada ya Septemba 11 alikwenda msikitini Washington akasimama na Waislamu akasema Uislamu ni amani. Reagan 1986 alisaini sheria iliyowapa makaratasi watu kama milioni 2.7. McCain, mgombea wao wa urais 2008, mama mmoja alimwambia mkutanoni kwamba Obama ni Mwarabu, akamnyang'anya maikrofoni palepale akamwambia hapana, ni raia na ni mtu mwema. Hata Springfield, gavana Mike DeWine, Republican na mzaliwa wa pale, alisema wazi ni uongo, tena yeye na mkewe wamesaidia shule Haiti miaka mingi.

Kilichowanyamazisha wengine ni kura za maoni ndani ya chama. Majimbo mengi ya ubunge mshindi anajulikana kabla ya uchaguzi, kwa hiyo mbunge haogopi mpinzani wa Democrat, anaogopa kutolewa na mwenzake mkali zaidi. Chukua mfano wa Ilhan Omar, mbunge wa Democrat mzaliwa wa Somalia, ambaye sisi watu wa Mombasa tunamjua kwa sababu utotoni aliishi kambi ya Utange hapa miaka minne kabla ya kwenda Marekani 1995. Julai 2019 Trump akamwambia yeye na wabunge wenzake watatu wanawake warudi walikotoka, na hao watatu walizaliwa Marekani! Siku chache baadaye umati North Carolina ukaimba arudishwe. Desemba 2025 akawaita Wasomali takataka, mbele ya baraza lake la mawaziri, na makamu wake Vance akagonga meza.

Ile 2019 Bunge lilipiga kura kulaani maneno yake, ikapita 240 kwa 187. Republican waliounga mkono walikuwa 4: Will Hurd wa Texas, ambaye ndo alikuwa mweusi pekee wa chama hicho bunge la chini, Susan Brooks, Fred Upton na Brian Fitzpatrick. Hurd na Brooks hawakugombea tena 2020. Upton akastaafu 2022. Amebaki Fitzpatrick.